Mshenga Aliyesema Watarudi

Dirisha la usajili likifunguliwa, banda langu la video hapa Kharumwa hujaa watu hata siku zisizo na mechi. Wanakuja kugombana. Ligi imesimama, hakuna mpira unaochezwa popote, lakini wanaume wazima na akili zao wanalipa kiingilio ili wakae mbele ya televisheni kusubiri kuambiwa kama mshambuliaji fulani amesaini au hajasaini. Mtangazaji anasema mazungumzo yapo hatua za mwisho. Kesho yake anasema vilevile. Wiki inayofuata bado yapo hatua za mwisho, na hapo mmoja wao anasimama, anavua jezi, anaitupa chini, kisha anaiokota na kuikung'uta maana ndiyo hiyo hiyo moja aliyonayo. Mimi nauza chai na maandazi, nanyamaza. Kelele zao ndizo zilizonisomeshea binti yangu Minza.

Katikati ya kelele hizo, miaka nenda miaka rudi, alikaa mzee mmoja tuliyemwita Mshenga. Jina alikuwa nalo, la kwao na la ubatizo, ila nusu ya ndoa za mji huu zilipita mdomoni mwake, kwa hiyo hakuna aliyehangaika na jina. Padri mwenyewe akimtaja mimbarini alisema Mshenga. Sasa hayupo. Nataka kumweleza kama nilivyomjua, na kuna sababu. Mji mzima uliamini kwamba yeye ndiye aliyemchelewesha mdogo wangu Mabula mpaka Mabula akafia shimoni. Hiyo ilikuwa nusu ya habari. Nusu nyingine nilikuwa nayo mimi, na nilikaa nayo miaka, nikimmiminia chai kila siku, bila kumwambia.

Nianze na mazuri yake, maana yalikuwa mengi.

Vijana walimtumia kutafsiri habari za usajili. Alikuwa hajui kusoma magazeti vizuri, macho yalishaanza kumgomea, lakini vikao alivijua, na usajili ni kikao tu. "Mshenga, wanasema mazungumzo yanaendelea vizuri," kijana mmoja anamwambia. Mzee anapuliza chai yake. "Hapo kuna mtu amenyanyuka kwa hasira. Wamemfuata nje wamrudishe." Banda zima kicheko. "Na hawa wanasema wameshakubaliana maslahi binafsi." "Wamekubaliana na binti huyo. Baba yake bado." "Na wakisema dili limekufa?" "Halijafa. Wanagombania ng'ombe mmoja." Ajabu ni kwamba mara nyingi alipatia. Dili lililokufa Jumanne lilifufuka Ijumaa, na waliovua jezi wakazivaa tena, wakamnunulia mzee andazi.

Yeye peke yake ndiye ambaye hakukasirika. Wenzake wakimlaani mwenyekiti wa klabu, wakala, hata mama mzazi wa mchezaji, Mshenga alikuwa akisema waacheni wakae kikao. "Ngojangoja huumiza matumbo, mzee," walimwambia. "Mwambie mwenye tumbo," alijibu. Halafu akaweka lile neno lake, alilolisema nadhani mara elfu chini ya bati langu: "Anayetaka hurudi."

Neno hilo lilitoka kwenye kazi yake. Kwa desturi yetu, alivyotufundisha yeye, wageni wa posa hawajibiwi siku ya kwanza. Wanakaribishwa, wanapewa viti, wanalishwa kuku, wanaeleza shida yao, halafu wanaambiwa: tumesikia, rudini. Ukiwajibu siku hiyo hiyo umemwaibisha binti. Umewaambia wageni kwamba kwenu mlikuwa mnatafuta pa kumtupa. Wakirudi mara ya pili ndipo mnaanza kuongea, na wakwe wazuri wanarudi hata mara ya tatu bila kununa. Ng'ombe huhesabiwa mwisho kabisa. Kinachopimwa kwanza ni miguu ya wageni.

Aliwahi kuwarudisha mara tatu watu waliotoka Mhunze kuposa jirani yangu wa nyumba ya nyuma. Mara ya mwisho mvua ilikuwa imebeba daraja, pikipiki hazipiti, nao wakamalizia safari kwa miguu, suruali zimekunjwa hadi magotini, mmoja amebeba viatu mkononi. Mshenga alitoka nje mwenyewe na jagi la maji, akainama, akawanawisha miguu, mzee wa umri ule. "Sasa mmekuja," akawaambia. Mazungumzo yaliisha kabla ugali haujaiva. Yule jirani hadi leo akigombana na mumewe humkumbusha lile tope, na mume hunyamaza.

Alivaa koti la kijivu msimu wa jua na msimu wa mvua. Alikuwa hali chakula kwenye nyumba ambayo shauri lake halijaisha, hata maji ya kunywa alikataa, akisema mdomo unaotafuna hauwezi kukataa neno. Aliingia kikaoni wa mwisho na kutoka wa mwisho. Hakupandisha sauti. Ukimsalimia shikamoo aliitikia marahaba halafu anaongeza swali moja juu ya mtu wa nyumbani kwako, na swali hilo lilikuwa la kweli, alikuwa anasubiri jibu.

Hapo ndipo kusubiri kwake kulipoishia. Mtu aliyewafundisha wengine kungoja, mwenyewe hakuweza kungoja chai ipoe. Ulimi wake ulikuwa umeungua miaka yote. Alivuna mahindi yake mabichi. Foleni ya zahanati aliiacha akarudi nyumbani na homa yake. Na mpira wenyewe, mpira alioupenda kuliko sisi wote, hakuwahi kuona dakika za nyongeza hata mara moja. Mwamuzi wa akiba akiinua tu kile kibao cha dakika, Mshenga anatoka nje, anasimama kuuangalia ukuta wa banda, na kila baada ya muda anaingiza kichwa mlangoni. "Bado?" "Bado, mzee." Anatoka tena. Tulimcheka sana. Nilimcheka na mimi, tena nilikuwa wa kwanza.

Mabula alikuwa mdogo wangu wa mwisho. Wazazi wetu walipoondoka duniani alikuwa bado hajaanza shule, nikamlea na Minza wangu kwenye sahani moja. Alicheza winga wa kushoto, na sisemi kwa kuwa ni damu yangu, alikuwa anacheza vizuri. Jumapili kwenye uwanja wa shule, wachimbaji waliacha maduara yao, yale mashimo ya dhahabu, wakaja kumwangalia, na wachimbaji hawaachi duara kwa kitu kidogo. Aliitumikia timu ya mtaa kwa viatu vilivyoshonwa na fundi wa mikoba. Asubuhi alinibebea jenereta, jioni alikimbia kilomita zake hadi barabara ya lami na kurudi.

Watu wa timu moja ya ligi kuu walimwona kwenye kombe la wachimbaji. Walikuja nyumbani kwangu wawili, kwenye gari jeupe, wamevaa fulana zenye kola. Mimi ni mwanamke niliyeachwa na mume, sina baba, sina kaka mkubwa. Nikamtuma mtu mbio kwa Mshenga. Ningemwita nani mwingine? Alikuja na koti lake, akakaa kwenye kigoda sebuleni, akawasikiliza mpaka mwisho.

"Tumekuja kumalizana, mzee," alisema yule mrefu. Karatasi na kalamu alikuwa ameshazitoa. "Kijana tukiondoka naye leo, kesho anapimwa afya."

"Karibuni sana," Mshenga akamjibu. "Tumewasikia. Nendeni, mkirudi tutaongea."

Mrefu akamtazama mwenzake. "Mzee wangu, sisi muda wetu si mrefu. Dirisha lina wiki mbili tu."

"Mtoto huyu tumemlea miaka kumi na tisa. Nyie wiki mbili zinawashinda?"

Walicheka kwa adabu. Walikula kuku wangu, wakaaga. Yule mfupi, wakati anavaa viatu, aliomba namba yangu ya simu, nikampa.

Mabula alikuwa amesimama nje chini ya dirisha, amesikia kila neno. Gari lilipoondoka aliingia, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akibishana na mzee. "Mzee, mimi si binti," alisema. "Najua," Mshenga akamwambia. "Ila ukiondoka nao leo watakuweka benchi mwaka mzima. Kitu kilichookotwa hakitunzwi." Mabula akauliza, "Na wasiporudi?" Unajua alivyojibiwa. Mabula akatikisa kichwa, akachukua jenereta akalipeleka bandani, kwa kuwa jioni ile kulikuwa na mechi ya kirafiki.

Sasa niseme yangu. Siku ya tisa baadaye, kabla ya saa tano asubuhi, simu yangu iliita. Alikuwa yule mfupi. "Dada, tupo Geita. Kesho asubuhi tunakuja tumalize. Mzee tutamkuta?" Mshenga alikuwa mbele yangu, kwenye benchi la kwanza, amekaa na kikombe, anapuliza. Nilimwangalia kabisa usoni. Nikasema, "Mzee amesafiri. Njooni wiki ijayo." Yule mfupi akasema, "Haya dada," akakata.

Nimejiuliza mara nyingi nilisema vile kwa nini. Nilikuwa nimejifunza kwa Mshenga kwamba upande wa binti haukimbilii. Nilikuwa nimejifunza kwa televisheni yangu mwenyewe kwamba kila usajili huisha siku ya mwisho, wanavutana wanavutana, halafu dakika ya mwisho mchezaji anaonyeshwa ameshika jezi anacheka. Nilitaka wahangaike kidogo. Nilitaka waje na matope miguuni. Na kuna kitu kingine, nacho nitakisema maana nimechoka kukificha: sikutaka aondoke. Siku chache zaidi za kumwona akipita na lile jenereta begani niliziona ni haki yangu. Niliizima simu nikaendelea kukaanga maandazi, na moyo wangu ulikuwa mwepesi kabisa.

Hawakupiga tena. Siku mbili kabla ya dirisha kufungwa nilipiga mimi, ikaita haikupokelewa. Siku ya mwisho banda lilifurika, watu wa mtaa wote wamekuja kusikia jina la Mabula, wengine wamevaa nguo za kanisani. Orodha ikasomwa. Winga wa kushoto alikuwa mwingine, kutoka mkoa mwingine. Vijana walipiga mateke mabenchi, wakawatukana viongozi wa ile timu kwa majina ya wanyama wote. Mshenga alikaa. Mabula alicheka, akawaambia wenzake, "Dirisha dogo lipo." Akamsalimia mzee kama siku zote, akaenda kukimbia.

Ili dirisha dogo limkute na viatu vya maana na nauli ya kwenda kufanya majaribio, aliingia duarani na kundi la wachimbaji. Mvua zilikuwa zimeanza. Wiki ya tano udongo ukatitia asubuhi, wakiwa chini watu watatu. Wawili walitolewa wazima siku hiyo hiyo. Mabula alitolewa siku iliyofuata, saa sita mchana, na wanaume waliovua kofia.

Mshenga alikuwa pale muda wote. Alikuwa kwenye mstari wa kupokezana karai za kifusi, na koti lake, mzee ambaye magoti yalikuwa hayamruhusu kuchuchumaa. Walimwambia akapumzike, hakwenda. Msibani alikaa kwenye mkeka na wanaume siku zote tatu, na shangazi yangu ndiye aliyelisema mbele za watu: kama huyu mzee angefungua mdomo akakubali siku ile, mtoto angekuwa hai. Watu wakainamisha vichwa. Na mimi nikainamisha changu.

Nilifikiri hatarudi bandani. Wiki ya pili alikuja, akakaa benchi la kwanza, nikamletea chai. Niliibadilisha simu yangu mlio, maana ule wa zamani ukilia kwa mtu mwingine sokoni nilikuwa nasahau nilichokwenda kununua. Sijui yeye alibadilisha nini. Nilichoona ni kwamba gari geni likisimama nje alinyanyuka, kikombe mkononi, akachungulia. Vijana walizoea. "Gari la soda hilo, mzee, kaa." Anakaa. Na kila dirisha likifunguliwa, jirani zake waliniambia, uwanja wake ulikuwa unafagiwa asubuhi na jioni, na viti viwili vya mbao vinatolewa nje na kufutwa vumbi. Mkwe wake alimuuliza ni wageni gani. "Huwezi jua," alimjibu. Aliyekuwa anatakiwa kwenda na wageni hao alikuwa kaburini, na mzee alilijua hilo vizuri, maana kaburi lenyewe alilipalilia yeye.

Ningetegemea mtu kama huyo awe wa kwanza kulaani ucheleweshaji. Hakuwa hivyo. Alizidi kuutetea. Mazungumzo yakikwama, vijana wakilia, yeye aliwaambia wangoje. Klabu ikimkosa mchezaji kwa saa chache, alisema basi hawakumtaka sawasawa. "Anayetaka hurudi." Wageni wa mji walicheka; waliojua habari zetu walitazama chini. Mimi nilielewa polepole. Siku ambayo angekubali kwamba kuchelewa kunaua, siku hiyo angekuwa amekubali kuwa amemuua Mabula. Kwa hiyo alibaki na jambo moja tu la kushika: kwamba wale watu hawakurudi kwa sababu hawakumtaka. Hilo nalo lilimkata, kwa sababu alimwona Mabula akicheza na alijua thamani yake. Alikuwa katikati ya mambo mawili, yote yanauma, na mimi nilikuwa na neno la kumtoa na sikulitoa.

Dirisha kubwa la mwaka jana ndilo lililovunja kila kitu. Timu inayopendwa na wengi hapa ilikuwa inamngoja kiungo mmoja. Wiki ya kwanza hatua za mwisho, wiki ya pili hatua za mwisho, wiki ya tatu watani wao wakamtambulisha yeye akiwa na jezi yao mkononi. Sijawahi kusikia wanaume wakipiga kelele namna ile. Fundi mmoja wa karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, mtu mzima mwenye watoto, alikuwa ameshavua jezi. Mshenga akakohoa, akasema waacheni, kikao ni kikao. Yule fundi akamgeukia.

"Ni watu kama nyie," alimwambia. "Watu wa rudini kesho. Leo hii Mabula angekuwa timu ya taifa."

Mshenga akaweka kikombe chini.

"Wewe ulimwona akicheza?"

"Nilimwona, mzee."

"Basi unajua kuwa walikuwa wa kurudi."

Akasimama, akaiweka sawa kofia yake, akatoka. Chai yake ilikuwa nusu. Mimi nilikuwa nimeshika birika, nimesimama hatua tatu kutoka kwao. Ilikuwa zamu yangu kusema. Nikamimina chai kwenye kikombe cha mtu ambaye hakuwa ameomba, na yule mtu akanilipa.

Hakuja tena. Mwanzoni nilijiambia amekasirika, atapoa. Halafu nikasikia kifua, halafu nikasikia maji kwenye mapafu, halafu nikasikia amepelekwa hospitali ya Kolandoto. Nilikaa na habari hiyo siku mbili nikikanda unga. Siku ya tatu nilimwachia Minza banda, nikapanda basi la asubuhi. Njia nzima nilikuwa nayasema maneno yangu kimoyomoyo, mama aliyekaa pembeni yangu akadhani nasali, akanyamaza kwa heshima.

Nilimkuta ameegemea mito, amepungua, koti la kijivu limekunjwa miguuni pa kitanda. Dirisha la wodi lilikuwa wazi na jua la mchana limeingia hadi kwenye shuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Minza. Umefuata nini mbali hivi? Chai anauza nani?"

"Minza yupo."

"Amemaliza chuo?"

"Bado mwaka mmoja."

Akatikisa kichwa, ameridhika. "Na yule beki wa kulia, amesaini?"

"Bado. Wanasema hatua za mwisho."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamshikia kikombe cha maji mpaka kikatulia. Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na mzee mwingine, mgeni kwangu, anatuangalia. Niliona nikingoja aondoke sitasema kamwe.

"Baba, wale watu walipiga simu."

"Watu gani?"

"Wa Mabula. Siku ya tisa. Walikuwa Geita, wakasema kesho asubuhi wanakuja kumalizana. Wakaniuliza kama watakukuta. Nikawaambia umesafiri. Ulikuwa umekaa mbele yangu, baba. Nilikuwa nakuangalia."

Nilikuwa nimejiandaa kulaaniwa. Nitasema zaidi: nilikwenda kutafuta laana, ningeipokea nikaondoka nayo kama mzigo ulioandikwa jina langu. Aliangalia mikono yake.

"Walisema wanakuja?" aliuliza.

"Walisema, baba."

"Wenyewe? Si wewe uliyewapigia?"

"Walipiga wenyewe."

Akajaribu kuinuka. Nikamshika mabega, akanisukuma mkono, akamgeukia yule mgonjwa wa kitanda cha pili. "Umesikia? Walirudi." Yule mzee wa watu, asiyejua kitu, akasema, "Ee, walirudi." Muuguzi alipopita na sinia la dawa akamwambia na yeye: walirudi. Uso wake ulikuwa umefunguka namna ambayo sikuwa nimeiona tangu Mabula alipokuwa hai. Alikuwa analia na hakuwa na habari kwamba analia. "Nilisema mimi," alikuwa anasema. "Nilisema watarudi. Mtoto yule asingeachwa." Akauchukua mkono wangu, mkono huu ulioshika simu ile, akauweka kati ya mikono yake miwili. "Wabeja, ng'wanawane," akaniambia. Ahsante, mwanangu.

Nilingoja aniulize kwa nini nilisema amesafiri. Nilikuwa na majibu yote, ya desturi, ya televisheni, ya jenereta. Hakuniuliza. Alitaka kujua yule mfupi alisema maneno gani hasa, alianza na lipi, sauti yake ilikuwaje, alisema kesho au kesho asubuhi. Nikamwambia. Akafumba macho, akataka tena. Nikamwambia tena, na kila mara nilipofika mahali pangu aliinua kidole kunikatiza, akanirudisha mwanzo, pale simu inapoita.

Muuguzi akaja kusema muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Nilisimama. Mshenga hakuuachia mkono wangu.

"Sema tena," aliniambia.

Nikasema tena.